Ramzi Alipokamatwa Tulishangilia. Wetu Je?

Kila mkimbiaji wa Kenya akipatikana na pufya, huku Kisauni maskani nzima inajibu kwa sauti moja: "Wanatuonea hao, wamechoka kushindwa." Haya. Lakini kabla hujaandika hivyo kwa comments, skiza historia kidogo, maana kuna dhahabu ya Olimpiki tunayo kwa sababu ya vipimo hivyo hivyo tunavyovitukana.

Agosti 2008, Beijing, fainali ya mita 1500. Rashid Ramzi, mzaliwa wa Morocco aliyekuwa akiikimbilia Bahrain, alimaliza kwa dakika 3:32.94. Asbel Kiprop wetu, kijana wa miaka 19, akaingia kwa 3:33.11. Sekunde 0.17 tu! Wimbo wa Bahrain ukapigwa, Kiprop akapewa fedha.

Mwaka uliofuata sampuli za Beijing zikapimwa tena kutafuta CERA, aina mpya ya EPO. Ramzi akapatikana, na Novemba 2009 akavuliwa dhahabu. Ikawa ya Kiprop. Nani hapa alisema Mbahraini ameonewa? Hakuna. Tulishangilia.

Kama hujui, EPO ni homoni inayotengenezwa na figo. Hospitalini wanapewa wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Mwanariadha mzima akijidunga, chembe nyekundu zinaongezeka na damu inabeba oksijeni zaidi. Wenzake wanakata pumzi, yeye bado anazo.

Sasa ngoja. Novemba 2017 Kiprop mwenyewe akapimwa, ikapatikana EPO. Alikana, lakini 2019 akafungiwa miaka 4. Dhahabu ya Beijing bado ni yake, kwa sababu kosa lilipatikana kwa sampuli ya 2017.

Jemima Sumgong naye. Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki. Miezi michache baadaye, Februari 2017, EPO. Akafungiwa miaka 4, kisha ikafika 8 baada ya kuonekana stakabadhi zake za hospitali ni za kughushi. Wa pili Rio alikuwa Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Bahrain, naye 2019 akapatikana na EPO. Dhahabu na fedha zote ziko pale pale. Mare Dibaba wa Ethiopia, aliyekuwa wa tatu, bado ana shaba.

Inauma, lakini mimi naona sheria iko sawa hapo. Hata mechi za mtaa, timu ikichezesha mtu ambaye hajasajiliwa inapokonywa pointi za mechi hiyo, si kombe la mwaka juzi. Tukianza kuvua medali kwa kushuku tu, hakuna atakayebaki na kitu.

Penye dhuluma ni pengine: kusubiri. Rita Jeptoo alishinda Boston Aprili 2014, akapatikana na EPO kwa sampuli ya Septemba mwaka huo. Mahakama ya michezo ikaona ushahidi unarudi nyuma hadi Aprili, akapoteza ushindi huo. Bizunesh Deba wa Ethiopia akawa bingwa, lakini ni 2016 tayari. Pesa ya bingwa je? Waandaaji walikuwa wanangoja Jeptoo arudishe yake. Hadi 2024, miaka 10 baadaye, aliyemtumia Deba dola 75,000 ni mfanyabiashara mmoja wa Marekani, kutoka mfukoni mwake. Kwa mkimbiaji, hiyo ni pesa ya shamba, nyumba, karo. Miaka yake bora imeshapita.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Medali ihukumiwe kwa ushahidi, awe ni Ramzi au ni mtoto wa Iten. Zawadi kubwa zishikwe hadi vipimo vikamilike, na wa pili akipanda alipwe na waandaaji mara moja, wao ndio wamfuate mdanganyifu. Na sisi tuache mizani miwili. Huwezi kukubali kipimo kilichokuletea dhahabu halafu ukiite njama kikikugeukia. Anayeumizwa na njama yetu hiyo si mzungu. Ni Mkenya msafi anayekimbia Iten alfajiri bila sindano, na sasa kila akishinda anashukiwa.

Nyinyi mwaonaje? Ungekuwa Mare Dibaba, ungeikubali hiyo shaba?