Kiendeshi na Ubao: Dhana Mbili Zilizochelewa Kutengana

Neno "kiendeshi" limekwisha kubebeshwa mizigo miwili katika istilahi za kompyuta: chombo kinachozungusha diski huitwa hivyo, na programu inayokiamuru kifaa huitwa hivyo pia. Likitwishwa na mzigo wa tatu, yaani msimbo unaohusu ubao wa saketi ambamo vifaa vimefungwa, halitabainisha kitu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kiendeshi na ubao ni dhana mbili, na kwamba wahandisi wenyewe walichukua miaka mingi kuzitenga.

Mwaka 1974 Gary Kildall, huko California, Marekani, alitunga CP/M, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ndogo zenye kichakataji cha Intel 8080. Kwa kuwa kila kampuni iliunda mashine kwa namna yake, kuuhamisha mfumo huo kulidai marekebisho kila mara. Baadaye Kildall aliyakusanya mambo yote yanayotegemea mashine katika sehemu moja, akaiita BIOS. Sehemu nyingine zikabaki bila kuguswa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo, ndani ya BIOS ujuzi wa kifaa na ujuzi wa ubao ulibaki umechanganyika.

Tofauti yenyewe ni hii. Chipu ile ile ya kupeleka na kupokea herufi yaweza kufungwa katika mbao mbili. Namna ya kuiamuru haibadiliki; anwani yake na waya unaobeba ishara zake ndivyo hubadilika. Kiswahili chaijua tofauti hiyo tangu zamani: nahodha hukijua chombo chake katika bahari yoyote, bali rubani huijua miamba ya bandari moja.

Katika Linux ya vichakataji vya ARM, ambavyo hutumika sana katika mifumo pachikwa, yaani kompyuta zilizofungwa ndani ya simu na mitambo, nahodha alilazimika kwa muda mrefu kubeba marubani wote. Kila ubao uliandikiwa msimbo wake ndani ya kiini cha mfumo, na msimbo huo ukazidi kurundikana. Mwezi Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani. Dawa iliyofuatwa ni mti wa vifaa, uliotokana na Open Firmware, iliyosanifishwa na IEEE mwaka 1994, na ambao Linux ya PowerPC ilikuwa imekwisha kuutumia. Kwa mti huo ubao huelezwa kwa data badala ya msimbo, na kiendeshi husoma humo anwani ya kifaa chake. Linux 3.7, iliyotolewa Desemba 2012, iliwezesha kiini kimoja kuendesha mbao za ARM za watengenezaji mbalimbali.

Kwa hiyo twapendekeza "kiendeshi cha kifaa" kwa ujuzi wa kifaa, "msimbo wa ubao" kwa ujuzi wa mahali kilipofungwa, na "maelezo ya ubao" pale ujuzi huo unapoandikwa kama data. Neno "bodi" tumeliepuka, maana lina wakurugenzi na mabasi yake. Fundi akiambiwa tu kwamba "kiendeshi kina kosa", hatajua arekebishe programu, diski au anwani. Wasomaji wenye maneno bora zaidi twawakaribisha wayalete yapimwe.