Jamaa Wasiojulikana Majina (nasaba za mwambao wa Ziwa Mweru)

Jamaa asiyejulikana jina ni mtu ambaye nafasi yake katika ukoo ni wazi, lakini jina lake halikuhifadhiwa. Kila mtunza nasaba hukutana naye, kwa kuwa hakuna mtoto asiye na mama, hata kama mama huyo hakutajwa katika daftari lolote. Wengi huacha pengo, au huandika "hajulikani". Wengine humbunia jina, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, inaonyesha kwamba njia zote hizo hazifai. Katika mwambao huo, mtu asiyejulikana jina anaweza kuwa anajulikana vizuri kabisa, na mwenye jina linalojulikana akawa ndiye fumbo.

Wenyeji wengi wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kila mtu ana umukowa, yaani ukoo wenye jina la mnyama, mmea au kitu, kama bena Nsofu, watu wa Tembo. Na umukowa hurithiwa kwa mama pekee. Kwa hiyo mtafiti anayemjua mjukuu wa binti kuwa ni wa bena Nsofu tayari ameshajua umukowa wa bibi, hata kama hajasikia jina lake. Isitoshe, mwanamke aliyezaa huitwa kwa mtoto wake: BanaMulenga, mama wa Mulenga, kama Waswahili wasemavyo Mama Asha. Kumtaja mkubwa au mkwe kwa jina lake ni utovu wa adabu, hivyo jina la kuzaliwa likafifia kwa heshima, bila uzembe wa mtu yeyote. Daftari za kodi za enzi ya ukoloni hazikusaidia, maana zilimtafuta mwanamume mlipa kodi. Halafu kuna ubupyani, urithi wa jina la marehemu. Mrithi, aghalabu ndugu au mtoto wa dada, hupokea jina pamoja na udugu wa marehemu, hata watoto wa marehemu wakamwita baba kijana wa rika lao. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyechapisha utafiti wake kuhusu watu wa Luapula mwaka 1959, alieleza jinsi msimulizi anavyosema "mimi" anaposimulia matendo ya mhenga aliyefariki zamani, ambaye yeye ameshika jina lake. Hapo jina moja hubeba watu wawili, watatu au zaidi. Asiyelijua hilo atamwandika mtu mmoja aliyeishi miaka mia na hamsini.

Basi jamaa huyo aandikwe kwa yale yanayojulikana: "BanaMulenga, wa bena Nsofu, mama wa Mulenga aliyevua samaki Kashikishi, jina la kuzaliwa halijapatikana." Wapo watakaosema kwamba hilo si jina, na programu za kompyuta hudai jina. Ni kweli, lakini programu ikijazwa "hajulikani" ishirini, haina namna ya kumtofautisha bibi mmoja na mwingine, ilhali maelezo yaliyowekwa ndani ya mabano, pamoja na namba ya mtu, humtenga kila mmoja na mwenzake. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: umukowa ni mpana mno, una maelfu ya watu. Hakika, umukowa peke yake hautoshi. Ukiunganishwa na mtoto, kijiji na upande wa ziwa, duara hupungua haraka. Mahali penyewe pahakikishwe, kwa kuwa mtu akisema bibi yake "aliolewa Kilwa" huenda anamaanisha kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, au mji wa Kilwa katika ufuko wa Kongo.

Lugha nayo ina mtego wake. Kwa Kibemba kinachosemwa huko, neno "mama" lina maana ya bibi. Mzazi wa kike ni mayo, na dada zake pia huitwa mayo. Mtafiti aliyezoea Kiswahili, kinachosikika sana ng'ambo, upande wa Kongo, akiandika "mama yake" bila kuuliza ameruka kizazi kizima. Ndiyo sababu neno la msimulizi liandikwe lilivyotamkwa, pamoja na jina la aliyelisema na tarehe, na tafsiri ije baadaye. Mfalme Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, alihifadhi historia ya Walunda wa Luapula katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, yaani wahenga wangu na watu wangu. Wafalme wamepata kitabu chao; akina BanaMulenga wamo katika vinywa vya wajukuu tu. Ukifika Nchelenge kuwauliza wajukuu hao habari za bibi zao, anza na umukowa, kisha watoto, kisha kijiji. Jina liulize mwisho.