Dhahabu ya Busang

Mwaka 1993 David Walsh, dalali wa hisa wa Calgary, Kanada, alinunua haki ya kutafuta dhahabu Busang, ndani ya misitu ya Kalimantan Mashariki, Indonesia. Kampuni yake, Bre-X, haikuwa na mgodi. Ndivyo zilivyo kampuni za utafutaji: hukusanya fedha za wenye hisa na kuzimimina kwenye uchorongaji. Mwenye hisa hanunui dhahabu. Ananunua habari za mwamba asiouona.

Habari za Busang zilikuwa tamu mno. Hisa za senti zikageuka utajiri, hadi kampuni ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Mapema mwaka 1997 ilitangaza wakia milioni 71 hivi. Akiba za uzeeni za walimu wa Ontario nazo zilikuwa humo.

Dalili ilikuwa sandukuni. Mwamba uliochorongwa hutoka kama fimbo ya jiwe. Kwa desturi hupasuliwa kwa urefu: nusu huenda maabara, nusu hulazwa kwenye sanduku, imsubiri atakayetaka kuhakiki. Busang, karibu fimbo nzima ilisagwa. Wataalamu wa masoko walifika, wakatembezwa, wakaondoka na matumaini. Swali la nusu iliyobaki lilistahili kuulizwa siku ya kwanza.

Machi 1997 Freeport-McMoRan, iliyotaka ubia, ilichoronga mashimo yake kando ya yale ya Bre-X. Dhahabu ilikuwa kidogo, haina maana. Tarehe 19 mwezi huohuo mjiolojia wa Bre-X, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta akafa. Mei wakaguzi wa kampuni ya Strathcona walithibitisha kwamba sampuli zilichezewa. Chini ya hadubini, chembe zilikuwa na kingo za mviringo, kama dhahabu iliyobingirishwa na maji ya mto. Ilikuwa imemwagwa ndani ya unga wa mwamba.

Hisa zikawa karatasi tupu. Walsh alifariki 1998, na mjiolojia mkuu, John Felderhof, aliachiwa huru na mahakama mwaka 2007. Hakuna aliyetiwa hatiani, na walioweka akiba zao humo hawakurudishiwa walichopoteza. Hilo linauma hadi leo.

Mwaka 2001 Kanada ilianza kutumia kanuni ya 43-101: taarifa ya madini lazima iandaliwe na mtaalamu anayetambulika, anayeitia saini kwa jina lake. Hata taarifa za migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na North Mara, Tanzania, zinazosomwa na wenye hisa wa Toronto, hueleza jinsi sampuli zilivyokatwa, zilivyofungwa na zilivyosafirishwa hadi maabara.