Tepu za Jazi na Masikio ya Ng'ambo ya Rufiji

Neno lililoandikwa hudumu kwa karatasi na jengo hudumu kwa jiwe, lakini sauti hufa papo hapo inapozaliwa. Kwa karne nyingi mwimbaji alipofumba kinywa, wimbo wake ulibaki katika kumbukumbu za waliomsikia tu, nao walipokufa walikwenda nao kaburini. Elimu ya kunasa sauti katika santuri, na baadaye katika tepu za sumaku, iliipa sauti umri mrefu kuliko wa mwenyewe. Hata hivyo, umri huo si umilele. Tepu huchakaa kama nguo, na iliyochakaa huhitaji mkono wa fundi wa kuisafisha na kuinakili upya. Insha hii ina nia ya kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya mafundi mitambo na wafanya biashara, ni kazi ya historia. Na kwamba wenye haki ya kutazamia matunda yake si wakazi wa miji mikubwa peke yao, bali hata watu wa mahali kama Mnero, katika nchi ya Wamwera, upande wa Nachingwea na Ruangwa.

Kwanza yafaa tulifahamu neno lenyewe. Katika Marekani, jazi ni muziki uliokuzwa na watu weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Afrika ya Mashariki neno hilo liliazimwa likapewa maana nyingine: lilikuwa jina la bendi ya dansi, yenye magitaa, ngoma, na mara nyingi saksafoni au tarumbeta. Njia ya bendi hizo ilikuwa imekwisha fyekwa na beni, ngoma ya kuigiza gwaride iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kisha zikaja santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay akaimba mbele ya mitambo ya HMV, na tangu mwaka 1933 kampuni hiyo hiyo ikauza Afrika santuri za nyimbo za Cuba zilizojulikana kwa herufi GV. Vijana wa Tanganyika walizisikiliza, wakaziiga, kisha wakaacha kuiga wakatunga vyao. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda mjini Morogoro bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Watu wa kusini nao hawakukosa jina katika orodha hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1950 Ahmed Kipande aliongoza Dar es Salaam bendi iliyoitwa Kilwa Jazz.

Sauti za bendi hizi zilinaswa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa santuri. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha kuzitoa, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilitegemea makampuni ya Kenya, kama Assanand wa Mombasa, aliyetoa santuri za Cuban Marimba kwa jina la Mzuri. Njia ya pili ilikuwa redio. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 serikali ikaitwaa kazi hiyo ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi bendi ya taifa hili iliyotaka kusikika ilikwenda studio ya redio katika Barabara ya Pugu. Huko hapakuwa na ufundi wa kumrekodi mpiga gitaa leo na mwimbaji kesho. Bendi nzima ilikaa katika chumba kimoja, ikapiga mbele ya maikrofoni chache, na wimbo ulipigwa kwa mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote, na ushindi wa mmoja ulikuwa ushindi wa wote. Kwa sababu hiyo tepu za redio zimekaribiana mno na dansi lenyewe. Si picha iliyopambwa baada ya tendo, bali ni ushahidi wa tendo. Na kwa kuwa nyimbo nyingi katika hizo hazikutiwa katika santuri kamwe, tepu moja iliyokaa rafuni inaweza kuwa ndiyo nakala ya pekee duniani.

Sasa tuvuke Rufiji. Mtu wa Dar es Salaam aliyependa bendi fulani aliweza kuvaa nguo zake nzuri jioni akaenda kuitazama. Mtu wa Mnero hakuwa na njia hiyo. Jimbo la Kusini lilitengwa na mto Rufiji, ambao ulivukwa kwa kivuko, na masika yalipoingia barabara ilikatika kwa majuma mengi. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliahidi kuyageuza mambo. Nachingwea ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani, bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta mishahara. Lakini serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Daraja la Mkapa, lililoiunganisha kusini na Dar es Salaam pasipo kivuko, halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Katika miaka yote hiyo kilichovuka mto bila kungoja kivuko wala kiangazi kilikuwa sauti ya redio.

Tukilitia jambo hili maanani, tutaona tofauti kubwa ya thamani ya tepu. Kwa mkazi wa mjini tepu ni kivuli cha dansi alilolihudhuria, lakini kwa msikilizaji wa Mnero, aliyekaa na jamaa zake wamezunguka redio moja ya betri, yaliyotoka katika tepu ndiyo yalikuwa dansi lenyewe, na hakuwa na jingine la kulilinganisha nalo. Tepu ikipotea, wa mjini amepoteza ukumbusho wa tamasha, na wa Mnero amepoteza tamasha.

Nazo tepu zinapotea. Tepu ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huila gundi hiyo. Unga hupukutika, au utepe hunata hata usiweze kuzunguka. Fundi hujaribu kuiponya tepu inayonata kwa kuipasha joto dogo kwa saa kadhaa, ili ipate nguvu ya kupigwa tena, pengine kwa mara ya mwisho. Ndipo huipitisha katika mashine iliyopimwa vema, akainakili sauti kidijitali, kisha akaanza kuondoa mivumo, mikwaruzo na mingurumo. Hapa ndipo penye hatari. Mashine ikikimbia zaidi kidogo, wimbo hupanda juu na mwimbaji hupewa sauti ambayo si yake. Mvumo ukiondolewa kwa pupa, huondoka pamoja na pumzi ya mpiga saksafoni na mlio wa vidole juu ya nyuzi. Msafishaji mbaya ni kama mnakili wa hati za kale aliyeona neno asilolijua, akaandika analolijua yeye.

Mfano wa jambo hili tunaupata huko Marekani. Tarehe 7 Julai 1956 Duke Ellington na bendi yake walipiga katika tamasha la Newport, na mpiga saksafoni Paul Gonsalves akazunguka mizunguko 27 mfululizo pasipo kupumzika, hata watu wakasimama vitini. Santuri iliyotolewa mwaka huo huo ilipata sifa duniani pote. Walakini sehemu yake kubwa ilikuwa imepigwa upya studioni siku chache baadaye, na makofi yakatiwa juu yake. Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni isiyo ya kampuni ya santuri, kwa hiyo katika tepu yao alisikika kwa mbali. Maikrofoni ile ilikuwa ya redio, Sauti ya Amerika. Tepu ya redio ilipopatikana, mafundi waliziunganisha zile mbili, na mwaka 1999 ulimwengu ukasikia kilichotukia hasa Newport. Hapa kusafisha hakukuipamba historia, bali kuliuondoa urembo wa uwongo uliokuwa juu yake.

Mfano wa pili ni mfupi. Tarehe 29 Novemba 1957 Thelonious Monk na John Coltrane walipiga katika ukumbi wa Carnegie, New York. Tepu ya usiku ule ilikaa bila kusikilizwa mpaka mwaka 2005, ilipoonekana katika Maktaba ya Bunge la Marekani wakati tepu za Sauti ya Amerika zilipokuwa zikinakiliwa. Lililomzindua mtunza maktaba lilikuwa maandishi machache juu ya boksi. Mafunzo mawili yanatokana na mifano hii: kwamba redio, iliyorekodi kwa ajili ya kesho yake tu, yaweza kuwa mtunzaji wa kweli kuliko mfanya biashara, na kwamba maneno mawili yaliyoandikwa juu ya boksi yaweza kuwa na thamani kama tepu iliyomo ndani.

Nasi je, tumefanya nini? Haiwezi kusemwa kwamba hapana lililofanywa. Nyimbo za bendi za dansi alizozirekodi Hugh Tracey mwaka 1950 na 1952, zikiwamo za Tanganyika, zimesafishwa na kutolewa tena. Mkusanyo uitwao Dada Kidawa ulitolewa mwaka 1995. Na kampuni ya Buda ya Ufaransa ilitoa nyimbo za miaka ya 1960 mwaka 2007. Mwaka 2012 vijana walianzisha Dar es Salaam mradi wa kutafuta fedha na njia za kuzinakili tepu za redio, ambazo sasa zi chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Kazi hizi zastahili shukrani. Lakini msomaji atazame zilikotoka santuri hizo: nyingi zilichapwa Ulaya au Marekani, kwa bei ya huko, kwa masikio ya huko. Wanamuziki wenyewe walirekodi zamani kwa ujira mdogo, na sheria ya hakimiliki inayowatambua wapigaji pamoja na watungaji ilikuja mwaka 1999, baada ya wengi wao kufa. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz mwaka 1979. Sauti iliyosafishwa isiporudi kwa waliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza, imeokolewa nusu tu.

Yupo atakayesema kwamba watu wa Mnero wana haja ya dawa, barabara na bei nzuri ya korosho kabla ya nyimbo za kale. Neno hilo lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Lakini barabara ikichelewa mwaka huu yaweza kujengwa mwakani, na tepu iliyonyauka haifufuki mwakani. Isitoshe, watu wa Mnero hawaitwi katika jambo hili kupokea sadaka. Wanaitwa kutoa ushahidi. Mtangazaji alitaja jina la bendi na la wimbo hewani, na pengine fundi hakuliandika juu ya boksi. Hewani jina lilipita, lakini masikioni lilibaki. Wazee waliosikiliza redio kwa makini, kwa kuwa hawakuwa na dansi jingine, wanaweza kulitambua gitaa la mtu kama wanavyoitambua sauti ya jirani. Nakala zilizosafishwa zikipelekwa katika shule na maktaba za wilaya, na mwanafunzi mwenye daftari akaketi na mzee akauliza ni nani huyu apigaye, tepu nyingi zisizo na jina zitapata jina.

Kazi hiyo haihitaji mitambo ya thamani kubwa, bali yahitaji haraka. Maana mashahidi nao ni kama tepu, huchakaa, na nakala yao ni moja. Vyuo vyetu vimezoea kuwafunza wanafunzi kwamba historia hukaa katika hati. Basi na waongeze kwamba hukaa pia katika utepe wa sumaku uliomo rafuni Dar es Salaam, na katika masikio ya wazee walio ng'ambo ya Rufiji. Na kwamba viwili hivyo havijakutanishwa bado.