Mvamizi ni Nani?

Mwaka 1985 nilikuwa nikifundisha somo la siasa katika shule moja ya Hanang, wilaya iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mfugaji wa Kibarabaigi, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mvamizi ni nani?" Nikamjibu upesi: "Ni mtu aingiaye katika mali ya mwenzake bila ruhusa." Akaketi. Nami nikaendelea na somo, nimeridhika.

Neno lile lilikuwa na historia yake. Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilikuwa imeanzisha mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la NAFCO. Yalifika mashamba 7, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Wabarabaigi walilisha mifugo huko kwa zamu, wakifuata mvua. Malisho waliyoyapumzisha, wakubwa waliyaona pori lisilo na mwenyewe. Hata makaburi ya wazee yalilimwa. Na mchungaji aliyefuata njia ya babu yake akaitwa mvamizi, akatozwa faini.

Wanakijiji wa Mulbadaw hawakushika mikuki. Mwaka 1981 walifungua kesi Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mbarabaigi, chini ya mlima Hanang, atakiwe kuthibitisha uenyeji!

Simkatai askari, nchi bila sheria ni zizi bila lango. Lakini naamini Serikali ilikosea ilipoligeuza swali la haki kuwa jambo la usalama. Kabla ya kumkamata mvamizi, ilipaswa kwanza kuuliza mali ni ya nani.

Desemba 1994, Mahakama hiyo hiyo ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wa Kambi ya Simba wilayani Mbulu wakati huo, ilitamka kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Ilikuwa miaka 9 baada ya Mulbadaw.

Leo NAFCO haipo tena. Mimi ni mstaafu, na jibu nililompa yule mtoto bado linanisumbua. Lilikuwa sahihi kama kamusi, lakini sikumuuliza kwa nini ameuliza.