Kamati za Amani: Kutoka Soko la Wajir

Kamati ya amani ni kundi la watu wa eneo moja: wazee wa koo, kina mama, vijana, viongozi wa dini na ofisa mmoja au wawili wa serikali, wanaokutana kuzima ugomvi kabla haujazaa mauaji. Leo kamati hizo ziko sehemu nyingi za Kenya na kwenye mipaka ya wafugaji ya Pembe ya Afrika. Mfano wake ulitoka Wajir, mji wa visima na ngamia kaskazini mashariki mwa Kenya, na walioushona kwanza ni wanawake wa sokoni.

Wajir ilikuwa imeshaonja mengi. Vita vya shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kujitenga na Kenya, viliuacha mkoa wa Kaskazini Mashariki chini ya sheria ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa hadi 1991. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji, wakawavua nguo, wakawashikilia juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57 tu. Manusura huhesabu kwa mamia na kwa maelfu. Kisha dola ya Somalia ikaporomoka Januari 1991, bunduki na wakimbizi wakavuka mpaka, na ukame ukafagia mifugo. Uchaguzi wa 1992 ulipokuja, kiti cha ubunge kikawa sababu mpya ya watu wa koo za Ajuran, Degodia na Ogaden kuuana.

Usiku mmoja wa mapigano hayo, mwalimu Dekha Ibrahim Abdi alijificha chini ya kitanda na mtoto wake mchanga, risasi zikipita chumbani. Asubuhi mama yake akamkumbusha kwamba naye, Dekha, alifichwa vivyo hivyo alipokuwa mtoto, wakati wa shifta. Haukupita muda, yeye na wanawake wachache wa koo mbalimbali wakaanza kuzungumza, kwanza harusini, mahali ambapo wanawake wangeweza kukaa pamoja pasipo kuulizwa wanapanga nini.

Walianza na soko. Kina mama wa ukoo mmoja walikuwa wameanza kukataa kuuza au kununua kwa wa ukoo mwingine, na mji unaoishi kwa maziwa ya ngamia hauwezi kukaa hivyo wiki nyingi. Wakakubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, ana haki ya kuweka vibuyu vyake sokoni. Wakachagua waangalizi wa kutazama nani anafukuzwa na nani hajaonekana, na kamati ndogo ya kusuluhisha papo hapo. Uangalizi huu una thamani kubwa kuliko unavyoonekana: wauzaji wa upande mmoja wasipofika sokoni, huenda wameambiwa jambo usiku.

Wanawake peke yao wasingeweza kusimamisha bunduki, kwa kuwa kisasi kilikuwa mikononi mwa wazee na vijana. Waliwaendea wazee, na ikaonekana kwamba mzee wa koo kubwa hawezi kuongoza kikao bila kushukiwa. Kikao kikapewa mzee wa ukoo mdogo usio na upande katika vita. Mwaka 1993 likatoka Azimio la Al Fatah, lililoweka masharti ya kurudisha amani. Vijana nao wakaunda kundi lao. Mwaka 1995 makundi haya yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikawekwa ndani ya muundo wa maendeleo wa wilaya chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya (DC). Habari ya ngamia kuibwa au mchungaji kuuawa ilipofika, timu ya wazee, kina mama na maofisa iliingia garini na kwenda huko kabla ya ndugu wa marehemu kujipanga.

Wilaya za jirani ziliiga. Azimio la Modogashe la 2001 liliandika kanuni za mkoa mzima, zikiwemo fidia: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Wanasheria walilalamika kwamba mauaji ni kesi ya mahakama, na hesabu ya nusu kwa mwanamke ni kejeli kwa utaratibu ulioanzishwa na wanawake. Hata hivyo mbali na mahakama, kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikifuatwa.

Ngazi ya mataifa nako, mwaka 2002 nchi za IGAD, jumuiya ya Pembe ya Afrika, zilitia saini mjini Khartoum itifaki iliyounda CEWARN, mfumo wa onyo la mapema wenye makao Addis Ababa. Ulianza na wafugaji wa Karamoja na jirani zake, kwenye mipaka ya Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, na asasi za kiraia zikapewa nafasi katika vitengo vyake vya kitaifa. Kasoro yake ilijulikana mapema: taarifa zilipanda hadi miji mikuu kwa haraka kuliko hatua zilivyoshuka. Katika Maziwa Makuu, mkataba wa Desemba 2006 uliosainiwa Nairobi ulibeba itifaki ya kuzuia mauaji ya kimbari, na kamati ya kanda ya itifaki hiyo ikazinduliwa 2010.

Jaribio kubwa lilikuja ndani ya Kenya yenyewe. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30, 2007, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa katika wiki zilizofuata. Katika Bonde la Ufa, watu walikochinjana zaidi, sehemu nyingi hazikuwa na kamati ya amani. Kamati hizo zilikuwa zimeonekana kama dawa ya wafugaji wa kaskazini. Siku moja baada ya tangazo, Dekha Abdi, balozi mstaafu Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, pamoja na George Wachira, walianza kukutana katika hoteli ya Serena, Nairobi. Kila asubuhi ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye habari au wazo. Mapatano ya Februari 2008 yaliyomaliza mgogoro huo yakataka kamati ziundwe katika wilaya zote. Kwa kura ya maoni ya katiba ya 2010, jukwaa la amani la Uwiano lilipokea ujumbe wa simu bila malipo kupitia namba 108, na kura ikapita kwa utulivu.

Kuenea huko kulikuwa na gharama. Penye posho ya kikao, viti viligombewa na watu ambao soko halikuwatuma. Na kamati iliyoongozwa na DC iliweza kusuluhisha koo mbili, lakini haikuwa na pa kupeleka shauri ambalo mshtakiwa ni serikali. Ndiyo maana Wagalla haikupata suluhu hapo. Manusura walitoa ushahidi Wajir mwaka 2011 mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo mwenyekiti wake, Kiplagat yuleyule wa Serena, alikuwa amejiweka kando Novemba 2010 kwa madai kwamba alihudhuria kikao cha maofisa Wajir siku chache kabla ya mauaji. Alikana kwamba mauaji yalijadiliwa hapo. Dekha Abdi alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Ripoti ya tume ilikabidhiwa Mei 2013.