Kasha lenye Funguo Nne: Uwakili wa Usharika wa Leisnig, 1523

Kila Jumapili ibada inapokwisha, wazee wa kanisa hubaki nyuma wakihesabu sadaka na kuandika bahasha za ahadi daftarini, kila msharika kwa namba yake. Wako wanaodhani kwamba kazi hiyo ni utaratibu wa kiofisi ulioingia Kanisani juzijuzi. Sivyo. Matengenezo ya Kanisa yalikuwa bado machanga pale usharika mmoja wa mji mdogo huko Saxony, nchini Ujerumani, ulipoketi kuandika mpango wa fedha zake.

Mji huo ni Leisnig. Mwezi Septemba 1522 Martin Luther aliutembelea kwa mwaliko wa wenyeji, na mwanzoni mwa 1523 wajumbe wao walimpelekea maandishi ya mpango waliokusudia. Aliufurahia, akauandikia dibaji, ukachapishwa mwaka uleule. Swali lililowakabili lilikuwa zito. Kwa vizazi vingi watu walikuwa wametoa mashamba, kodi na wakfu kwa ajili ya misa za wafu. Misa hizo zikikoma, mali ile ni ya nani? Luther alikwisha kuona hatari ya watu kuinyang'ania, akaonya waziwazi.

Wenyeji waliamua kwamba yote yaingie katika kasha moja la pamoja. Lilipaswa kukaa mahali palipo salama kuliko pote kanisani, likiwa na makufuli manne, na kila ufunguo ushikwe na kundi lake: makabaila, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini. Hakuna kundi ambalo lingeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa 10, wa kuchaguliwa kila mwaka: makabaila 2, wajumbe wa baraza 2, raia 3 na wakulima 3. Wakulima, basi, waliwazidi makabaila kwa kiti kimoja, jambo la kustaajabisha kwa karne ile.

Wasimamizi walitakiwa kukutana kila Jumapili. Walikuwa na vitabu vitatu: kimoja cha hati za mali na mapatano, kimoja cha maazimio ya vikao, na kimoja cha hesabu za mwaka. Usharika wote ulipaswa kukusanyika mara tatu kwa mwaka. Kanisani viliwekwa pia vyombo viwili vya kupokelea mkate, jibini, mayai, nyama na vyakula vingine. Msharika aliyewahi kununua mnadani kuku au mkungu wa ndizi ulioletwa kama sadaka ataona undugu wa jambo hilo, ingawa chakula cha Leisnig hakikunadiwa, kiligawiwa maskini.

Matumizi nayo yaliandikwa mapema: mchungaji, mhubiri, mtunza kanisa, shule ya wavulana na ya wasichana, wazee wasiojiweza, yatima, akiba ya nafaka kwa miaka ya uhaba. Mapato yasipotosha, kila mwenye nyumba angetozwa kiasi fulani kwa mwaka kadiri ya uwezo wake.

Mpango ulikamilika, mali haikuja. Baraza la mji, lililoshika mmoja wa funguo nne, lilikataa kukabidhi wakfu zilizokuwa mikononi mwake. Agosti 1523 Luther alirudi Leisnig, kisha akamwandikia mtawala wa Saxony, Frederick, akimsihi authibitishe mpango ule. Hakupata alichoomba. Mwaka 1524 alimlalamikia Georg Spalatin, katibu wa mtawala huyo, kwamba mhubiri wa Leisnig alikuwa karibu kufukuzwa na njaa.

Si haki kuwalaumu walioandika vitabu. Kwa kuwa kila shamba na kila kodi vilitajwa, ilijulikana wazi ni kitu gani hakikuletwa, na ni nani aliyekizuia. Pasipo maandishi hayo, ugomvi ule ungebaki kuwa maneno ya barazani tu.

Miji mingine iliendeleza kazi hiyo, na mara nyingi mkono ulioandika ulikuwa wa Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg. Huko Braunschweig, mwaka 1528, aliagiza makasha mawili badala ya moja: la kwanza la maskini, la pili la mishahara na majengo, ili ujenzi wa paa usije ukala posho ya mjane.